Kuta za udongo au kuta za rangi ya udongo?

SWALI: Naandika maelezo ya picha za nyumba zilizopambwa kwa mitindo ya sasa: kuta za rangi tulivu, makochi ya kijani, taa nyeusi za chuma. Mhariri amenirudishia kazi imejaa alama kwenye rangi. Niliandika “mapazia nyeupe”, “mito nyeusi”, “kochi kijani” na “kuta za udongo”. Nimekosea wapi, na neno “rangi” lenyewe nilitaje wakati gani?

JIBU: Mhariri wako ana haki kwa yote manne. Matatu ya kwanza ni ya upatanisho na hurekebishika upesi. La nne linabadilisha maana, kwa hiyo ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Kiswahili kina vivumishi halisi vya rangi vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Hivi hubadilika kufuata nomino: ukuta mweupe, kuta nyeupe, pazia jeupe, mapazia meupe, mto mweusi, mito myeusi, kigae chekundu, vigae vyekundu, taa nyeusi, iwe moja au kumi. “Nyeupe” huponyoka kalamuni kwa sababu neno “rangi” liko katika ngeli ya I-ZI, nasi tumezoea kusikia “rangi nyeupe”. Ukiandika “mapazia ya rangi nyeupe” hujakosea, maana hapo “nyeupe” inaifuata rangi. Ukiliondoa neno “rangi”, kivumishi kinarudi kwa mapazia: mapazia meupe.

Rangi nyingine zote ni nomino, na nyingi zinaonyesha zilikotoka: kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda. Nomino haibandikwi tu nyuma ya nomino nyingine. Inahitaji kiunganishi -a: kochi la kijani, makochi ya kijani, kiti cha kijivu, viti vya kijivu, kuta za kahawia.

Sasa “kuta za udongo”. Kiunganishi hichohicho -a ndicho tunachotumia kutaja kitu kimetengenezwa kwa nini au kimebeba nini. Kuta za udongo ni kuta zilizojengwa kwa udongo. Meza ya dhahabu ni dhahabu tupu. Kikapu cha machungwa kina matunda ndani. Kijani na kijivu hazina tatizo hili, kwa kuwa kiambishi ki- kimekwisha kuzitenga na jani na jivu lenyewe. Lakini mitindo ya sasa imeegemea rangi zinazoitwa kwa majina ya vitu vya asili: udongo, mchanga, mkaa, zeituni, haradali, tofali la kuchoma. Kila moja ya hizo ni kitu kabla ya kuwa rangi. Ndiyo maana hapa neno “rangi” ni la lazima: kuta za rangi ya udongo, zulia la rangi ya mchanga, foronya za rangi ya haradali. Ukijiuliza “je, kitu hiki kingeweza kutengenezwa au kujazwa kwa hicho nilichokitaja?” na jibu likawa ndiyo, weka “rangi ya”.

Dawa hiyo nayo ina mipaka yake. “Rangi” ni pia ile inayopakwa kwa brashi, na mafundi wana majina yao: rangi ya mafuta, rangi ya maji, rangi ya mbao. Ukiandika “kabati la rangi ya mbao”, msomaji mmoja ataona kabati linalofanana na mbao, mwingine ataelewa kuwa limepakwa rangi inayouzwa kwa ajili ya mbao. Andika “kabati lenye rangi kama ya mbao” na utata unakwisha.

Angalia pia unapotaja kiwango cha rangi. Neno la kufafanua hufuata rangi, si samani: mapazia ya bluu iliyokolea, kochi la kijani kibichi. “Kochi la kijani bichi” ni kosa, kwa sababu kilicho kibichi ni kijani. Na ule weupe usio mkali unaopendwa sana sasa usiuandike “kuta nyeupe ya maziwa”: “nyeupe” hapo inafuata kuta na “ya” inafuata rangi isiyotajwa. Sema “kuta za rangi nyeupe ya maziwa”. Weupe mkali, kwa upande mwingine, una neno lake zuri ambalo waandishi wa mapambo wanalisahau: kuta nyeupe pe. Vilevile taa nyeusi ti, zulia jekundu ndu.

Rangi mbili zikikutana, “mapazia meupe na kijivu” haitoshi. Kama ni mafungu mawili, andika “mapazia meupe na ya kijivu”. Kama kila pazia lina rangi zote mbili, sema zimekaaje: mapazia meupe yenye milia ya kijivu.

Neno moja hukuuliza lakini utalihitaji: sofa. Wapo wanaosema “sofa jeupe”, wapo wa “sofa nyeupe”. Chagua moja, kisha kivumishi, kiunganishi na kitenzi vyote vifuate ngeli hiyo: “sofa jeupe la ngozi limewekwa dirishani” au “sofa nyeupe ya ngozi imewekwa dirishani”. Kosa ni kuchanganya, “sofa nyeupe limewekwa”, na katika maelezo marefu ya picha ndilo linalojipenyeza mara nyingi zaidi, kwa sababu kitenzi huwa kimekaa mbali na kivumishi chake.