Maalim anaestaafu Disemba: USIKODI MIKARAFUU

Usikodi. Umeuliza mambo matatu, ukodi mikarafuu (yaani ununue mavuno ya msimu yangali mtini), ufungue tuisheni, na siku za nyumbani mtu anazizowea vipi, mie nimefika pale uloandika "kijana wangu nlimsomesha kanitafutia shamba Mtambwe, mtini kumejaa" nikaweka chai chini. Yakhe yalinikuta hayo hayo!

Nimestaafu na miaka 60 kamili, mwalimu mkuu wa sekondari upande wa Wete, Pemba, hesabu nimesomesha miaka 31 (cheka, mbele utacheka zaidi). Kiinua mgongo kikaingia milioni 38. Wiki mbili hazijesha kijana mmoja nlomsomesha kaja barazani, "Maalim shkamoo", riporti zake nimezitia saini mwenyewe basi nikaona huyu namjua. Kanipeleka shambani kwa babake, kaniinamishia tawi, vishada vimejaa kweli. Kumbe alonionesha ni miti ya njiani tu, ya bondeni sikushuka, goti lilikuwa likiniuma. Nikatoa milioni 12, mkataba karatasi ya daftari, shahidi mdogo wake. Na shemeji yangu nae, ambae hata mnazi mmoja hajawahi kuwa nao, "toa Maalim, mwaka huu ndo mwaka wenyewe".

Nikapiga hesabu: kilo 2,000 kavu, ZSTC (shirika la serikali ya Zanzibar linalonunua karafuu) wakati ule wananunua daraja la kwanza 14,000, milioni 28 hizo. Nililala tajiri wiki tatu.

Sasa nsikilize. Ukishakodi kila kitu juu yako, wachumaji, chakula chao, gari, majamvi, mlinzi. Na karafuu haingoji, ukichelewa kidogo inafunguka ua, daraja linashuka, na Pemba nzima inachuma wakati mmoja kwahivo mchumaji ndo bosi, asubuhi pishi (kipimo wanacholipwa) bei hii, alasiri nyengine, ukimkaripia (miaka 14 ofisi ya hedimasta, nshazowea kukaripia) anashuka mtini anakwenda kwa jirani. Nusu yao nlowasomesha, nawasikia wanacheka juu huko. Tena mbichi kilo 3 ndo upate kavu 1 hivi, kijana kanihesabia mbichi na mie mwalimu wa hesabu sikuuliza. Halafu ikaja mvua siku nne, majamvi ndani nje ndani nje, bi mkubwa katoa kitanda cha wageni tuanike humo, zikafanya ukungu. Mwisho kilo 610, karibu zote daraja la chini, nikashika milioni 6 na ushei. Nlotoa ni 12 na 5 za kuchumia. Toa mwenyewe, mie sitaki kutoa tena.

Barazani naitwa Maalim Makonyo mpaka leo, yaani vile vikonyo vinavobaki karafuu ikishachambuliwa.

Kijana nimemtafuta miezi miwili, nilipompata kanambia "Maalim, riziki hupanga Mungu". Zile 12 zake zilipangwa vizuri wallahi.

Pesa isitoke benki MWAKA MZIMA. Hata shilingi. Atakaekuja mwambie arudi mwakani, akikwambia "Maalim litawahiwa" sema liwahiwe. Msimu mmoja kalitembelee shamba hilo huna chako ndani yake, shuka mpaka bondeni, hesabu miti, uwaone wanavogombana na wachumaji. Milioni 21 zilobaki ndo zilizolala hivo na ndo nnazokula.

Tuisheni sijui, tutazungumza. Huyo kijana wako anaendesha Vespa nyekundu? Nijibu hilo kwanza.