Kichwa kilichomponza mwanafunzi wangu

Juzi nilikaa nyuma kwenye kikao cha mpango binafsi wa elimu, yaani mpango wa masomo na maisha anaotengenezewa mwanafunzi mwenye ulemavu, wa binti mmoja anayemaliza sekondari. Mwalimu wake ni mgeni kazini, ana moyo, na mafaili kayapanga kwa rangi. Kwa dakika 40 tulijadili binti ataishi na nani, atasomea nini, nani atamsimamia. Mwenyewe yuko pale pale kwenye kiti mwendo chake, kimya. Mwishoni mwalimu akamgeukia: "Una la kuongeza?" Binti akajibu, "Naomba kwenda chooni."

Nilicheka, kisha nikaona haya, maana niliyoyafanya mimi yalizidi hayo. Sikieni, wadogo zangu mnaoanza kuwaandaa wanafunzi wenye ulemavu kwa maisha ya baada ya shule.

1. Kikao ni cha mwanafunzi. Akifungue yeye, kwa mdomo, kwa lugha ya alama, kwa ubao wa picha, apendavyo. Ile kauli ya watu wenye ulemavu, "hakuna lolote kutuhusu bila sisi", mnaibandika ukutani vizuri sana, kisha mnaketi chini yake kumwamulia mtu maisha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, Ibara ya 12, unataka mtu asaidiwe kuamua. Kumwamulia ni jambo jingine kabisa.

2. Shuleni mkalimani anamfuata mwanafunzi. Akishamaliza shule, ni mwanafunzi atakayemtafuta mkalimani. Kwa hiyo mfundisheni kueleza ulemavu wake na anachohitaji kwa sentensi tatu. Na msingoje mwaka wa mwisho.

3. Ondoeni msaada wenu, wote, hata ule msioujua. Hapa ndipo nilipoumia.

Nilikuwa na kijana mwenye ulemavu wa akili, mcheshi, anayependa vitu vilivyonyooka. Tukampatia majaribio ya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, kukunja taulo. Nikaivunja kazi hatua 9, nikachora jedwali, nikaanza kwa kumshika mikono, nikahamia kwenye maneno, mwisho nikanyamaza. Wiki 3 mfululizo alipata 9 kwa 9. Kwenye ripoti nikaandika "anajitegemea", na nakumbuka nilipiga mstari chini ya neno lile. Majivuno hayo!

Siku ya kwanza bila mimi, simu ililia kabla ya saa sita. Msimamizi alisema kijana anagoma. Amekunja taulo mara moja, ameinua uso, amesimama. Akiambiwa endelea, anaangalia mlangoni. Nilipofika, walikuwa wameshamrudisha nyumbani. Jioni mama yake akaniambia, "Anasema amekosea, mwalimu, ila hajui wapi." Mtu aliyekosea alikuwa mimi, na wakati huo hata mimi sikujua wapi.

Nilijua nilipotazama video niliyompiga ili nijisifu nayo kwa wenzangu. Kijana anakunja, anainua macho kwenye kamera. Ukutani kuna kivuli changu, na kivuli kile kinaitikia kwa kichwa. Anakunja tena, kivuli kinaitikia tena. Mara 9 kwa kila taulo! Sikusema neno wala sikumgusa, kwa hiyo nikajaza "bila msaada" kwa dhamiri safi kabisa. Alichojifunza kwa wiki 3 ni kukisoma kichwa changu.

Tulianza upya. Nilibandika mezani picha ya taulo iliyokwisha kukunjwa, akawa analinganisha yake na ile, jicho likaachana nami. Mimi nikasogea nyuma ya bega lake, siku nyingine mlangoni, halafu kwenye korido. Siku moja nilichungulia, akanikuta. "Mwalimu, umepotea?" Hoteli ilimrudisha, lakini ilichukua miezi, na kuna wanaoachishwa mara moja tu wasirudi tena.

4. Msimuulize mzazi mtoto hawezi nini. Hiyo orodha ameshaandikiwa na kila ofisi. Muulizeni nyumbani anafanya nini bila kutumwa. Mama mmoja aliniambia bintiye, ambaye sisi tulishamwandika "hana dhana ya muda", humwamsha yeye kwenda kazini kila siku. Faili lile nililirekebisha usiku huohuo.

5. Kazi asiyoweza kuifikia si kazi. Njia ifanyieni mazoezi kwa saa ileile atakayosafiri, si saa nne asubuhi barabara zikiwa tupu.

6. Dodoso la kazi ajaze mwenyewe hata kama mwandiko unapanda mlima. Acheni hiyo kalamu. Ndiyo, wewe.

Kikao cha binti yule kinarudiwa kesho. Safari hii ajenda ameiandaa yeye, na jambo la kwanza ni muda wa mapumziko. Mwalimu wake nimemwambia akae kando yangu, viganja chini ya mapaja, naye atanikanyaga mguu akiona kichwa changu kinaanza.