Vidhibiti vya unukuzi: "hukusanywa", "hujikusanya" au "hukusanyika"?

SWALI: Ninafasiri makala ya biolojia inayoeleza jinsi jeni zinavyowashwa na kuzimwa. Nimeandika: "Sababu za unakili hukusanywa katika kiini ili kudhibiti jeni." Mhariri amelipigia mstari neno *hukusanywa* na kuuliza kama si afadhali *hujikusanya* au *hukusanyana*. Lipi ni sahihi? Na hilo linalotokea baada ya kukusanyika niliite kundi au kishada?

JIBU: Andika *hukusanyika*. Kauli ya kutendwa humfanya msomaji amtafute mtendaji: hukusanywa na nani? Hapa hakuna anayekusanya. Protini hizi zinazowasha na kuzima jeni, yaani vidhibiti vya unukuzi, ambavyo wewe umeviita sababu za unakili, huzunguka bila mpango ndani ya kiini cha seli mpaka zigusane na mfuatano wa DNA zinaoutambua, ambao kwa kawaida ni mfupi, wa jozi 6 hadi 12 hivi za besi. Zikifika hapo, zile sehemu zake zilizolegea, zisizo na umbo thabiti, hunasana kwa nguvu hafifu na sehemu kama hizo za protini nyingine. Msongamano hutokea wenyewe, kama maji yanavyokusanyika bondeni. Hiyo ndiyo kazi ya kiambishi *-ik-*: tendo limetukia, mtendaji hatajwi wala hahitajiki.

*Hujikusanya* huzipa protini nia, na katika maandishi ya sayansi nia hiyo hupotosha. *Hukusanyana* nayo ingemaanisha kwamba protini ya kwanza huikusanya ya pili na ya pili huikusanya ya kwanza, jambo lisiloeleweka. Hata hivyo, usiitupe kauli ya kutendana. Ina mahali pake pazuri katika sentensi inayofuata, unapoeleza protini zinavyohusiana: *hushikana*. Hapo kila moja kweli huishika nyenzake.

Wafasiri wengi hapo huteleza wakaandika *hushikamana*. Vitenzi vyenye *-mana*, kama *gandamana*, *fungamana* na *shikamana*, hubeba wazo la hali iliyokaza na kudumu. Lakini vipimo vya molekuli mojamoja katika seli hai huonyesha kwamba vidhibiti vingi hukaa kwenye DNA kwa sekunde chache tu, au makumi ya sekunde, kisha huachia na nafasi kuchukuliwa na vingine. Mkusanyiko unaweza kuwapo huku wanachama wake wakibadilika mfululizo. *Hushikana na kuachiana* ni sahihi. *Hushikamana* hutia chumvi.

Kauli ya kutendwa itakufaa pale mtendaji anapojulikana: "Polimerasi ya RNA II *huvutwa* na vidhibiti kupitia changamano la Medieta." Sentensi hiyo ina mvutaji (vidhibiti) na mvutwaji (polimerasi, kimeng'enya kinachoandika RNA; Medieta ni kundi la protini zilizoungana linalowaunganisha wawili hao), kwa hiyo *-w-* inastahili.

Kosa kubwa zaidi katika sentensi yako, kwa maoni yangu, ni *katika kiini*. Msomaji ataelewa kwamba protini hutoka nje zikaja kukutana kiinini. Jambo hilo pia hutokea: kipokezi cha homoni ya kotisoli, kwa mfano, huingia kiinini baada ya kuishika homoni hiyo. Lakini makala yako inazungumzia protini ambazo tayari zimo ndani na zinasongamana mahali fulani. Kiswahili kina ngeli za mahali kwa tofauti hiyo hasa: *mu-* ya ndani na *pa-* ya mahali dhahiri. Zitumie zote mbili: *mna* vidhibiti vingi kiinini, lakini hukusanyika *penye* jeni fulani.

*Sababu za unakili* iache kabisa. *Sababu* hujibu swali la "kwa nini", ilhali hapa tunataja protini. Na *unakili* utachanganywa na DNA inapotengeneza nakala yake kabla ya seli kugawanyika. Kwa kuandikwa kwa RNA kutoka kwenye DNA, tumia *unukuzi*. Hivyo: *vidhibiti vya unukuzi*, ngeli ya KI-VI, na binadamu ana takribani 1,600 vya aina mbalimbali. Ukibadili ukasema *protini hizi*, badili na upatanisho. "Protini vinashikana" hujitokeza sana rasimu inapoandikwa kwa haraka.

Kuhusu nomino, *mkusanyiko* unatosha. *Makundi ya vidhibiti* yatasomwa kama aina au familia zake, maana *kundi* hutumika hivyo katika biolojia. *Kishada* hudokeza vitu vilivyofungwa kwenye kikonyo kimoja. *Tone* litumie pale tu makala asilia inaposema kwamba protini zimejitenga kama kimiminika ndani ya kimiminika. Mwaka 2018 zilichapishwa tafiti zilizoeleza hivyo kuhusu Medieta na protini ya BRD4, lakini watafiti bado wanabishana kama kila mkusanyiko hufanyika kwa njia hiyo.

Sentensi yako sasa: "Ndani ya kiini, vidhibiti vya unukuzi hukusanyika penye jeni fulani, hushikana kwa muda mfupi, na hivyo kuongeza au kupunguza unukuzi wake."

Ukiikanusha, *hu-* huondoka: *havikusanyiki*. Na ukitaka jina la tendo, andika *kukusanyika kwa vidhibiti*, si "kusanyika kwa vidhibiti": *ku-* ya pili ni sehemu ya mzizi, ya kwanza ndiyo ya kitenzi-jina, na haidondoshwi.