Hataza yako haivuki ziwa

Shikamoo. Nimebuni kikaushio cha dagaa cha kutumia jua na nimepata hataza ya Tanzania. Kuna fundi Kisumu ameanza kukiiga. Naweza kumshtaki? (Igombe)

Marahaba. Kwa anachotengeneza na kuuza Kenya, huwezi. Nguvu ya hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine kutengeneza au kuuza uvumbuzi wako, inaishia kwenye mpaka wa nchi iliyoitoa. Akikileta soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, kukiuza, hapo una kesi.

Kinachoniuma ni kwamba hili lilizuilika. Kuanzia siku ulipowasilisha ombi la kwanza ulikuwa na miezi 12 ya kuomba nchi nyingine huku ukihesabiwa umeomba tarehe ileile ya kwanza. Ikishapita, na uvumbuzi umeshachapishwa, Kenya na Uganda zimekuponyoka. Mbunifu wa huku Ziwa Victoria soko lake liko nchi tatu, basi afikirie mapema ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika. Chini ya Itifaki ya Harare ya 1982 unawasilisha ombi moja, hata kupitia BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na utoaji leseni, ukitaja nchi unazotaka. Kila nchi ina ada yake, na ada za kila mwaka hufuata, kwa hiyo usitaje nchi kwa sifa. Taja unakouza na anakokaa mwenye karakana ya kukuiga. Kongo haimo ARIPO.

Nimesajili jina la biashara BRELA. Mashine yangu imelindwa? (Igoma)

Hapana. Umelinda jina. Swali hili nimelijibu hapa mara nyingi, tafadhali someni.

Nataka kuonesha mtambo wangu kwenye maonesho yajayo, kisha nishughulikie hataza. Nianzie wapi? (Sengerema)

Anza kwa kutouonesha. Upya wa uvumbuzi hupimwa kwa dunia nzima, na video uliyoirusha mwenyewe mtandaoni inatosha kukunyima hataza. Marekani humvumilia mvumbuzi aliyejitangaza kwa mwaka mmoja. Ulaya karibu haina uvumilivu huo. Ombi kwanza, jukwaa baadaye. Mfadhili akitaka kuuona kabla, asaini mkataba wa usiri.

Waandaaji wa maonesho nao wana lawama. Wanampa kijana kipaza sauti aeleze kila kifaa kinavyofanya kazi, bila kumuuliza kama ameshawasilisha ombi. Muulizeni kabla hajapanda.

Hataza ya BRELA inafika Zanzibar? (Bukoba)

Haifiki. Zanzibar ina sheria yake na msajili wake.

Kuna wakala anataka nimlipe anipatie hataza ya dunia nzima. Nimpe? (Nyamagana)

Usimpe hata shilingi. Hataza hiyo haipo. Upo Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza wa 1970, unaosimamiwa na WIPO, shirika la miliki bunifu duniani, kule Geneva, na wenyewe hautoi hataza. Unakupa muda tu: katika nchi nyingi, miezi 30 tangu ombi la kwanza kabla ya kuingia nchi kwa nchi. Huko ndiko pesa nyingi zinakokutoka, kwa mawakili, ada na tafsiri. Mwambie wakala akutajie ofisi itakayotia saini hati yako. Akishindwa, ondoka na michoro yako.