Pasaka bustanini na watoto wadogo: maswali yenu na majibu

Pasaka inapokaribia, wazazi wa Dodoma na wilaya za jirani hutuuliza kuhusu kuwatoa watoto. Tumechagua maswali yanayohusu watoto walio chini ya miaka minane. Majibu yanafaa kwa anayekwenda Chinangali Park, Nyerere Square au bustani ndogo ya mtaani kwake. Tunachosisitiza ni hiki: ratiba ifuate tumbo na usingizi wa mtoto, na ifuate jua. Wakubwa tutajipanga humo humo.

Jumapili tunatoka ibadani saa tano. Tunataka kupitiliza moja kwa moja bustanini. Watoto wana miaka miwili na minne. (Mama, Area D)

Mama, kwa umri huo tunashauri msipitilize. Mtafika karibu saa sita, na Dodoma wakati wa Pasaka jua linakuwa karibu na utosi kabisa kama saa sita na nusu. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na upepo wake unadanganya: mtoto hasikii joto, huku ngozi inaungua. Wa miaka miwili atakuwa na njaa, amechoka kukaa kanisani, na ndiyo saa yake ya kulala. Hapo mnalipia bembea ili mtoto alie juu yake.

Rudini nyumbani, wale, walale. Tokeni saa tisa na nusu, mcheze kuanzia saa kumi, na saa kumi na mbili kasoro robo muwe mnakusanya vitu. Jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu, na kumtafutia mtoto viatu gizani katikati ya umati ni kazi isiyo ya lazima.

Bora zaidi, nendeni Jumatatu ya Pasaka. Nayo ni sikukuu, watu wengi huamka taratibu, na bembea zinakuwa wazi asubuhi. Fikeni saa mbili na nusu, ondokeni saa tano. Saa mbili na nusu za kucheza zinamtosha mtoto wa miaka miwili. Ila siku moja kabla ulizeni wanafungua saa ngapi, kama chakula cha nyumbani kinaruhusiwa, na kama michezo inalipiwa getini au kila mchezo kwa tiketi yake. Kama ni tiketi, kubalianeni na mtoto idadi kabla ya kuingia, tuseme tatu, na umpe azishike mwenyewe. Akiona zinapungua mkononi mwake, kilio cha kuondoka kinapungua pia.

Tukitandika mkeka kivulini, baada ya saa moja tunajikuta juani. Tukae wapi? (Baba wa watatu, Kisasa)

Kivuli kinahama, na kinahama kwa mpangilio. Asubuhi jua likiwa mashariki, kivuli kinaangukia magharibi mwa mti. Mchana kinajikunja chini ya matawi. Alasiri kinalala upande wa mashariki. Ukifika saa nne na unataka kukaa hadi saa tisa, tandika karibu na shina, kisha kila unapohama, hama kuelekea mashariki. Anayefika saa nane atandike mashariki mwa mti moja kwa moja, hata kama ukingo wa mkeka unapigwa na jua kidogo kwa wakati huo.

Mti wenyewe nao una maana. Mwembe au mwarobaini mkubwa una kivuli kizito. Mgunga unapendeza kwa picha, lakini majani yake ni membamba, jua linapenya, na chini yake kuna miiba. Kabla ya kutandika, chukua kanga ya zamani, iburute chini eneo lote mtakalokaa, kisha igeuze uiangalie. Mbigili na miiba itakuwa imenasa kwenye kitambaa badala ya nyayo za mtoto. Rudia mara mbili. Angalia pia kama kuna njia ya siafu au sisimizi. Wakipita hapo, tafuta mahali pengine, maana chakula kikimwagika watarudi wote.

Ukiwa hapohapo, pima mtelezo wa chuma na viti vya bembea kwa kuweka mgongo wa kiganja kwa sekunde tano. Ukishindwa kuvumilia, mapaja ya mtoto hayatavumilia. Ya plastiki nayo hupata moto, usiiache bila kupima.

Mimi hupika pilau alfajiri, tunakula bustanini saa nane. Mwaka jana wajukuu wawili walitapika jioni. Tatizo ni nyama? (Bibi wa wajukuu watano, Kongwa)

Shikamoo bibi. Inaweza kuwa nyama, lakini usiuache wali nje ya mashaka. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hukaa kwenye mchele na haziuawi na kuchemka. Wali ukipoa taratibu na kukaa vuguvugu, mbegu hizo huamka, zinazaliana na kuacha sumu. Kutapika huanza saa moja hadi sita baada ya kula. Na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto, kwa hiyo pilau iliyokaa vibaya haiokolewi na jiko la mkaa la bustanini.

Fanya hivi. Usipike alfajiri, pika ili pilau iive karibu na saa ya kuondoka. Kilo moja ya mchele inatosha wajukuu watano na wakubwa watatu. Jaza hotipoti maji yanayochemka, funika dakika kumi, yamwage, kausha, kisha weka pilau moja kwa moja kutoka jikoni, ikiwa inafuka mvuke, hadi karibu na mdomo. Hotipoti iliyojaa nusu inapoza haraka kwa sababu ya hewa iliyo juu. Usifunguefungue kuonjesha watu njiani. Ukiifungua kwa ajili ya kula, mvuke uwe bado unatoka. Ikiwa vuguvugu tu na hujui imekaa hivyo kwa muda gani, usiwape watoto, hata kama inanukia vizuri.

Kanuni ya kukumbuka: chakula kilichopikwa kikipoa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kwenye joto kali saa moja. Kwa hiyo mabaki ya saa nane hayarudi nyumbani kuwa chakula cha usiku. Kachumbari beba nyanya na vitunguu vizima, ukatie hukohuko. Iliyokatwa asubuhi inatoa maji na kuchacha. Kama ratiba haikuruhusu kupika karibu na kuondoka, beba chapati kavu, mihogo ya kukaanga, ndizi na maembe. Vinastahimili safari vizuri kuliko wali.

Weka na pakiti mbili za ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, kwenye mkoba. Pakiti moja inakorogwa kwenye lita moja kamili ya maji safi. Ukipunguza maji, chumvi inazidi na kumdhuru mtoto. Akitapika, subiri dakika kumi kisha mpe kijiko kimoja kimoja. Asiyebakiza kitu tumboni, anayelegea au mwenye damu kwenye choo, mpeleke hospitali bila kungoja asubuhi.

Tumeona watoto wakitafutishwa mayai ya rangi siku ya Pasaka. Tunaweza kuyatengeneza bila kununua rangi? (Mwalimu wa Shule ya Jumapili, Manyoni)

Mnaweza, na jikoni kwenu rangi zipo. Tumieni mayai ya kienyeji yenye ganda jeupe. Ganda la kahawia halionyeshi njano. Yaosheni kwa sabuni kwanza, maana penye mafuta ya vidole rangi haishiki na yai linatoka na mabaka. Yawekeni kwenye maji baridi, na yakishaanza kuchemka hesabuni dakika kumi na mbili. Yai la baridi likitumbukizwa kwenye maji yanayochemka hupasuka.

Kwa rangi ya kahawia nyekundu, chemsheni maganda makavu ya vitunguu kumi hivi kwenye lita moja ya maji kwa nusu saa. Kwa njano, vijiko vitatu vikubwa vya bizari ya manjano, dakika kumi na tano. Chujeni, acheni ipoe, tieni vijiko viwili vikubwa vya siki, kisha lowekeni mayai nusu saa au zaidi. Msizidishe siki: inakula ganda, linatoa mapovu, na rangi inabanduka.

Mayai ya kuchezea yasiliwe, kwa sababu yanakaa juani na kwenye vumbi. Ya kula yawe mengine, ndani ya kisanduku chenye barafu. Mpeni kila mtoto rangi yake ya kutafuta, la sivyo wa miaka saba atayazoa yote na wa miaka mitatu atabaki na kikapu kitupu. Ya wadogo yaachwe wazi kwenye nyasi. Ya wakubwa nyuma ya shina la mti. Msifiche chini ya mawe wala kwenye mashimo, nge wanakaa humo. Andikeni idadi mliyoficha, muhesabu kabla ya kuondoka.

Zabibu za Dodoma ni nzuri kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu? (Baba, Miyuji)

Ni nzuri, ila usimpe nzima. Zabibu ni laini, ya mviringo, na ukubwa wake unaziba koo la mtoto sawasawa. Hadi afike miaka mitano, ikate kwa urefu vipande vinne na uondoe kokwa. Kuikata katikati kwa upana haitoshi. Karanga nzima na pipi ngumu ziacheni nyumbani. Na ale ameketi, asikimbie na chakula mdomoni.

Naogopa mtoto kupotea kwenye umati. Nifanye nini? (Mama wa mapacha, Nkuhungu)

Mpige kila mmoja picha getini, ili ukiulizwa alivaa nini usibabaike. Andika namba yako ya simu kwenye kipande cha plasta na uibandike ndani ya shati. Wino wa mkononi unafutwa na jasho. Jina usiliandike nje, kwa sababu mtoto humwamini anayemwita kwa jina.

Wakubwa mgawane watoto kwa majina: shangazi na huyu, baba na huyu. Mkisema "wote tunaangalia," hakuna anayeangalia. Anayekwenda chooni amkabidhi mwenzake kwa kutamka, naye aitikie.

Akitoweka, mtu mmoja akimbilie kwanza kwenye maji, iwe bwawa, chemchemi au tangi, na mwingine aende getini. Wengine waite kwa sauti wakitaja umri na nguo, "miaka mitatu, gauni la njano," ili hata wageni wasaidie. Waambie walinzi mara moja, na piga 112 bila kuona haya.

Pana bwawa dogo la watoto, maji yanafika magotini. Naweza kukaa pembeni na simu? (Mama, Ipagala)

Hapana, mama. Mtoto huzama kimya, bila kupiga kelele, kwenye maji ya kina hicho na chini yake. Kaa umbali wa mkono wako kumfikia. Maboya ya mikononi ni ya kuchezea tu, yanachomoka. Akitolewa hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo: mpulizieni pumzi tano, kisha mkandamize kifua mara 30 na pumzi mbili, mkirudia huku mtu mwingine anaita msaada.

Binti yetu ana ualbino, ana miaka sita, na anatamani kwenda na wenzake. (Wazazi, Singida)

Mpelekeni. Chagueni alasiri, kuanzia saa kumi. Mvisheni mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, na kofia yenye ukingo mpana pande zote. Kapelo huacha masikio na shingo wazi. Mafuta ya kukinga jua yawe ya SPF (kipimo cha nguvu ya kukinga) 30 au zaidi, yapakwe nusu saa kabla ya kutoka na tena kila baada ya saa mbili, bila kusahau masikio na mgongo wa viganja. Mengine hutengenezwa hapa nchini, hospitali ya KCMC, Moshi. Macho yake huenda yasione vizuri kwenye mwanga mkali, kwa hiyo mtembezeni kwanza kwenye ngazi na kingo za michezo kabla hajaanza kukimbia. Mkeka wa familia uwe karibu na wanapocheza, ili kivuli kisimtenge na wenzake.

Bajaji moja, watoto wanne na sisi wawili? (Baba, Nzuguni)

Chukueni mbili, mtu mzima mmoja kila moja.

Mvua ikitukuta hukohuko? (Mama, Chamwino)

Pasaka inaangukia mwisho wa msimu wa mvua, na manyunyu ya alasiri bado yapo. Mvua yenyewe haina shida. Badilisha nguo, mvue mtoto viatu vyenye tope asiteleze. Radi ndiyo ya kuogopwa. Mkisikia ngurumo, tokeni chini ya mti mara moja, shukeni kwenye bembea za chuma, ingieni kwenye jengo au gari lililofungwa. Rudini kucheza nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho, na futeni mtelezo kwanza, kwa sababu ukiwa na maji mtoto hushuka kwa kasi asiyoizoea.