WCCO-TV imeripoti au kimeripoti?

SWALI: Ninaandika habari kwa Kiswahili kwa ajili ya Waafrika Mashariki wa hapa Minneapolis, Marekani. Nikitaja kituo cha televisheni cha hapa, je, niseme "WCCO-TV imeripoti" au "kimeripoti"? Na kwa kuwa matangazo ya analojia yalishazimwa, ile TV ya mwisho haikupaswa kuwa DT, yaani televisheni ya dijitali?

JIBU: Alama ya kituo, yaani herufi zake za utambulisho, ikisimama peke yake, ipe upatanisho uleule wa KBC au TBC: "WCCO-TV imeripoti." Ukitanguliza neno kituo, hilo ndilo linalotawala kitenzi: "Kituo cha WCCO-TV kimeripoti." Kwa msomaji aliye Mombasa au Mwanza ningechagua hii ya pili, maana herufi hizo hazijielezi. K ya KBC ni Kenya, lakini K ya KSTP-TV, jirani yenu wa Saint Paul, haisimamii neno lolote. Huko Marekani, kwa kawaida K hupewa vituo vya magharibi ya mto Mississippi na W vya mashariki. Nanyi mnakaa kandokando ya mto huohuo, hivyo mnazo zote mbili.

Kuhusu DT, tafadhali usiibadilishe. Wakati wa mpito kutoka analojia kwenda dijitali, herufi hizo zilitofautisha matangazo ya dijitali na yale ya analojia ya kituo kilekile. Vituo vikubwa vilipokamilisha kuzima analojia tarehe 12 Juni 2009, haja ya kuyatofautisha ikaisha. Vingi vilibaki na TV, au bila herufi za nyongeza kabisa. Vingine vikachukua DT, kama KMEX-DT ya Los Angeles. Vyote ni vya dijitali. Alama hiyo ni jina la kwenye leseni, kwa hiyo inakiliwe ilivyosajiliwa, pamoja na kistari chake.

Kuna jambo hukuuliza ambalo kwangu ni zito zaidi. Enzi za analojia, kituo na chaneli vilikuwa kama kitu kimoja, na maneno hayo yakazoeleka kubadilishana nafasi. Sasa kituo kimoja hurusha chaneli kadhaa kwa mpigo: 4.1, 4.2 na kuendelea, tunazosoma "nne nukta moja", "nne nukta mbili". Ukiandika "chaneli ya WCCO-TV", mtazamaji mwenye rimoti mkononi hajui abonyeze wapi. Andika: "Mjadala utarushwa na kituo cha WCCO-TV kupitia chaneli ya 4.1."