Choo kigumu: kabla hujanywa haluli, jiulize kimefungwa na nini

Mkuu, nimekusoma. Fundi cherehani, unakaa kwenye mashine toka asubuhi hadi usiku, leo siku ya tano hujapata choo, na jirani kakwambia unywe haluli, ile chumvi ya kuendesha tumbo, kila usiku wiki nzima. Mimi si daktari. Ni dereva wa lori, nimepita humo humo, na nimemuuguza mama yangu kwa tatizo hilo hilo, kwa hiyo nachoandika hapa nimekilipia.

Swali la kwanza, na usicheke: unajamba? Kama hewa inatoka, tumbo linabonyea na hutapiki, una nafasi ya kuhangaika ukiwa nyumbani. Kama tumbo limejaa kama ngoma, hewa haitoki, unatapika au linakukata vibaya, acha kusoma, nenda hospitali leo hii. Na usimeze dawa ya kusukuma choo kabla ya kwenda. Utumbo ukiwa umeziba kweli, kuusukuma kwa dawa kunaweza kuupasua.

Sasa yangu. Safari zangu ni Dar hadi Tunduma. Dereva wa lori anajifunza mapema kutokunywa maji, maana ukinywa utasimama kila saa kuchimba dawa, na mzigo una tajiri wake anayepiga simu. Asubuhi chai na chapati, mchana chipsi mayai Morogoro, usiku ugali wa sembe na nyama choma Makambako. Haja ikinibana mlimani Kitonga naizuia, nikifika chini imeshapotea. Ndivyo choo kinavyokauka: kinavyozidi kukaa kwenye utumbo mpana ndivyo maji yake yanavyonyonywa, mpaka kinatoka kama cha mbuzi, na kila punje unaitolea jasho.

Nikaenda duka la dawa nikapewa vile vidonge vidogo vya bisacodyl. Unameza usiku, asubuhi mambo yanakwenda. Nikaona nimepona. Tatizo, sikuacha. Karibu miezi minne nilikuwa navibeba kwenye dashibodi kama peremende, kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vitatu. Tumbo linasokota, naharisha maji, halafu siku mbili tatu hakuna kitu kwa sababu utumbo umeshakuwa mtupu, na mimi naogopa namimina vingine. Kujikamua nako kukaniletea bawasiri. Siku niliyoona damu nyekundu kwenye karatasi ndipo nilipokwenda kupimwa.

Mfamasia niliyemkuta hospitali alinielewesha kitu ambacho muuza duka hakuwahi kuniambia. Dawa hizi haziko kundi moja. Bisacodyl na sena zinauchapa utumbo bakora ujikaze. Zinafaa kwa siku chache, na bisacodyl usiimeze pamoja na maziwa wala dawa ya vidonda vya tumbo, maana ganda lake linayeyukia tumboni na kukuchoma. Laktulosi, ile ya maji yenye utamu, yenyewe inavuta maji kwenye choo kilainike. Mimi nilipewa mililita 15 asubuhi na 15 jioni. Haina haraka, inachukua siku mbili hivi, na siku za mwanzo utajamba mpaka utingo ahame siti. Haluli nayo inavuta maji, lakini kwa kishindo. Kunywa mara moja kwa mtu mzima mwenye afya si kesi kubwa. Kila usiku kwa wiki ni kujikausha, na mwenye figo mbovu asiiguse kabisa, madini yake yatamjaa mwilini. Mafuta ya nyonyo na mshubiri, mjamzito akae navyo mbali.

Kilichonitoa kwenye vidonge hasa ni ratiba. Utumbo una saa yake: ukishakunywa chai ya asubuhi unaamka wenyewe kusukuma, na wengi wetu saa hiyo tuko mbioni. Siku hizi nikiwa nyumbani nakunywa chai, nakaa chooni dakika kumi bila simu, kikija kije, kisipokuja nanyanyuka. Sijikamui. Choo chetu ni cha kukaa, na cha kukaa kinaipinda njia ya haja kubwa. Nilichukua kidumu cha mafuta cha lita tano, nikakijaza mchanga, nakilaza chini na kuweka miguu juu yake ili magoti yapande kuliko kiuno. Mke wangu alicheka wiki nzima. Sasa na yeye anakitumia. Wewe kama choo chako ni cha kuchuchumaa, hapo umenishinda.

Chakula nimebadilisha kidogo tu: ugali wa dona badala ya sembe, maharage, matembele au mchicha, papai asubuhi, ukwaju badala ya soda. Ila ongeza polepole na maji yaende sambamba. Ukijishindilia pumba kavu siku ya tano ya kufunga choo, unaongeza foleni juu ya foleni.

La mama ndilo linaloniuma zaidi. Ana miaka 74, alianguka akaumia nyonga, akaandikiwa tramadoli. Maumivu yakapungua, choo kikapotea, naye kwa aibu hakumwambia mtu. Siku ya tisa akaanza kutoa maji maji yenye harufu, anachafua nguo bila kujua. Tukasema mama anaharisha. Nikaenda mwenyewe dukani kununua dawa ya kufunga kuhara, nikampa kwa mkono wangu. Usiku ule hakulala, tumbo gumu, akawa anaongea maneno yasiyoeleweka. Hospitalini nesi alivaa glavu, akapima kwa kidole, akaniangalia: kulikuwa na choo kimeganda kama jiwe, na yale maji yalikuwa yanapenya pembeni yake. Walikitoa kwa mkono na kwa enema, yaani dawa ya maji inayoingizwa nyuma, kidogo kidogo, siku mbili. Daktari akasema dawa za maumivu za kundi lile huufanya utumbo ulale, na mgonjwa alipaswa kuanzishiwa ya kulainisha choo siku ile ile. Kwa hiyo mzee akifunga choo siku nyingi halafu ghafla "akaharisha", usikimbilie dukani kama mimi.

Na jambo moja kwa wenye watoto: msiwatie vipande vya sabuni nyuma wala pilipili. Sabuni inababua. Mtoto anayenyonya tu, akishavuka wiki sita, anaweza kukaa siku kadhaa bila choo, na kikija laini hana shida. Ila kichanga tumbo limevimba, anakataa kunyonya au anatapika, mpeleke.

Nenda kapimwe pia ukiona damu, unakonda bila sababu, choo cheusi cha kunata kama lami wakati hunywi vidonge vya kuongeza damu (vidonge hivyo hukifanya cheusi, na vinafunga pia), au umevuka miaka 50 na hali hii imeanza ghafla. Bawasiri yangu ilikuwa bawasiri tu, lakini daktari alikagua kwanza, hakukisia.

Kwako kwa leo: maji, tembea kidogo kila ukimaliza nguo, kaulizie laktulosi kwa mfamasia, haluli mrudishie jirani. Halafu umegusia kwa kupita kwamba mwezi uliopita umeanzishiwa dawa ya presha. Baadhi ya dawa za presha zinafunga choo. Usiache kuzinywa, ila beba boksi lake umwonyeshe aliyekuandikia, umwambie na siku choo kilipoanza kukusumbua.